Gari la Kazungu

Kazungu wa Kaviha si mtu wa kukaa kitako hata siku za raha, sembuse wiki ile. Gari lake lilikuwa limepotea. Ijumaa alasiri lilimzimikia Mkomani, akaliacha kando ya barabara mbele ya kibanda cha Kache, muuza mihogo, akakimbilia Kongowea kutafuta waya wa injini. Kurudi, hata saa nzima haijapita, gari hakuna, Kache hakuna, kibanda kimefungwa. Pana doa la mafuta tu mchangani. Jamani, gari si kuku, useme limeingia kwa jirani!

Siku sita alizunguka. Aliuliza gereji zote za Kisauni, akauliza vituo vya petroli, akauliza polisi, nao wakamwuliza yeye gari kama lile alilipata wapi. Chakula hakishuki, usingizi hauji. Kadzo mkewe akimwandalia sima, akigeuka tu kuchukua mchuzi, mtu hayupo. Yuko nje ya ua anachungulia kila kinachonguruma.

"Baba Dama, keti ule," Kadzo humwambia.

"Nile vipi, na gari liko kwa watu?"

Na lilikuwa gari, si masihara. Triumph ya mwaka wa hamsini na tisa, rangi ya kijani, viti viwili tu, na paa halina. Watu wa Magogoni waliliita Kipara. Kazungu alilipata kwa Caetano Rebelo, Mgoa mmoja, Mhindi wa Goa, fundi saa wa Changamwe, mwaka wa themanini na nne. Rebelo alikuwa anahamia Kanada kwa bintiye, na gari lilikuwa uani kwake limefunikwa magunia, kuku wanataga kitini. Kazungu alikuwa pale ana kazi yake. "Lichukue wewe," Rebelo alimwambia, "kabla watu wa vyuma hawajalikata." Miaka mitatu Kazungu alilishughulikia, kipuri hiki leo, kile mwakani, mpaka siku moja likanguruma, na Kadzo akadondosha sufuria.

Ndani ya kitabu cha gari mlikuwa na majina ya wenyewe wanne. Wa kwanza rubani wa kuingiza meli bandarini. Wa pili mwalimu wa piano, bibi wa Nyali. Wa tatu muuza samli, ambaye alikuwa akipakia mikebe yake kwenye kiti cha abiria, na hadi leo jua likikaza gari linanuka samli. Wa nne Rebelo. Mstari wa tano mtupu.

Kwa nini mtupu? Hapo sasa. Rebelo alitia sahihi fomu ya kuuzia, upande wake wote akaujaza vizuri kwa mkono wa fundi saa. Upande wa mnunuzi ulitaka mambo matatu: jina, makazi, na kazi. Jina Kazungu analo. Makazi anayo. Ilipofika kwenye kazi, kalamu ikagoma. Akaikunja fomu, akaitia katika mkebe wa kakao, na huko ikakaa miaka minne.

Maana Kazungu ni mchimba vyoo. Huchimba vyoo vya shimo, na visima pia, lakini watu wa Kisauni hawakumwita mchimba visima. Ni kazi ya mtu mwenye mifupa: kuvunja matumbawe kwa sururu, pima tano, sita chini, kamba kiunoni, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Na shimo akichimba yeye ni jipya, safi, unaweza kulala ndani yake. Lakini nani wa kusikia hayo? Watoto wakimwona na sururu yake hushika pua. Harusini, mtu akijua kazi yake, husogea kidogo kwenye mkeka, kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichokuwa kikimla moyo. Akiketi ndani ya Kipara hakuna anayesogea. Watu hukimbilia waguse.

Basi Alhamisi asubuhi Kache akarudi kutoka mazishini Kaloleni, akafungua kibanda, akamkuta Kazungu amesimama pale kama mti uliopandwa.

"Ala! Hujalipata tu?" Kache akashangaa. "Lori la kukokota magari mabovu lilikuja, likalibeba. Limekwenda yadi moja ya vyuma, Changamwe. Wakaniuliza ni la nani, nikawaambia ni la Kazungu. Waliandika, niliwaona!"

Kazungu hakungoja hata kusema asante. Saa nane alikuwa mbele ya dirisha la yadi, jasho linamtoka, kitabu cha gari mkononi. Karani alikuwa mwanamke wa bara, mwenye miwani, jina lake Philister, na daftari lake amelitandika mbele yake kama msala. Akapitisha kidole, akakisimamisha.

"Gari iko. Lakini mwenyewe ni Mzungu."

"Nani?"

"Soma mwenyewe. Triumph, kijani, haina paa, ya Mzungu."

Kazungu akacheka, cheko la kwanza kwa siku sita. "Dada, si Mzungu. Ni Kazungu. Kazungu ndiye mimi."

"Kazungu ni jina?"

"Ni jina! Nimezaliwa siku Mzungu wa kodi alipopita kwetu. Watu walikimbilia msituni, na mama akanizaa huko huko. Kwetu wamejaa akina Kazungu, ukiita sokoni wanageuka kumi."

"Leta kipande."

Akatoa kipande chake cha utambulisho. Kimeandikwa SAMSON KAVIHA. Siku ya kuandikishwa walitaka jina la kanisani na jina la baba, lile alilopewa na mamaye likabaki nje mlangoni.

"Hapa Kazungu iko wapi?" Philister akauliza. Akafungua kitabu cha gari, akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapakiaji waliokuwa wakinywa chai. "Caetano Rebelo. Si huyu ndiye Mzungu?"

"Huyo ni Mgoa!"

"Mgoa, Mzungu, si mimi nilimwita Caetano. Mzee, mimi naandika chenye wameniletea. Huyu mwenyewe akuje, ama uniletee fomu ya kuuziwa, imejazwa yote. Gari tunaiweka siku saba tu, na zinaisha kesho. Saa sita mchana inakatwa." Akaonyesha kwa kalamu. Huko nyuma mtu mmoja mwenye miwani myeusi alikuwa akipasua ubavu wa basi kwa moto wa gesi, cheche zinaruka. Na nyuma ya basi, foleni ya pili, Kazungu akaona kitu cha kijani. Roho ikamruka.

"Fomu unayo?"

Wapakiaji wameacha kunywa chai, wanasikiliza. Kazungu akasema, "Nitaitafuta."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Mkandarasi."

Philister akatazama kucha za Kazungu, nyeupe kwa vumbi la matumbawe, kisha akamtazama usoni. "Mkandarasi," akasema, akafunga daftari.

Angekuwa mtu mwingine angekwenda nyumbani, akatoa fomu, akaandika, yakaisha. Au angeandika uongo, mkandarasi, mwalimu, sultani wa Zanzibar. Lakini Kazungu ana imani yake: uongo wa mdomo ni upepo, uongo wa karatasi una jela. Ukweli nao usomwe kwa sauti mbele ya wapakiaji? Hapana. Miguu yake ikampeleka Likoni, kwa Bi Mwanatatu.

Huyu Bi Mwanatatu ni mkunga. Nusu ya Likoni imepitia mikononi mwake. Alikuwa na MG nyekundu, gari lisilo paa kama Kipara, aliyoachiwa na marehemu mumewe, mpishi wa melini, na akiitiwa uzazi usiku huenda nayo, buibui linapepea. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi yeye na wenziwe wenye magari ya namna hiyo walikutana Mkomani, kituo cha petroli. Alikuwako Mwinyihaji, muadhini, na kifiati chake kisicho paa, anakiendesha mkono mmoja, wa pili umeshika kofia. Alikuwako Bwana Olsen, Mnorwei aliyestaafu uhandisi wa tagi, vile vyombo vya kuvuta meli bandarini. Walikuwa wakija pia mganga wa meno na muuza nyama. Siku ya kwanza Kazungu kutokea, Bi Mwanatatu alimwuliza, "Na weye, mwanangu, kazi yako?" Ulimi ukamteleza. "Mimi niko mambo ya ardhi," akasema.

Si uongo, ati! Lakini wao wakafahamu viwanja na hatimiliki. Tangu siku hiyo, kila Jumapili, Mwinyihaji humvuta kando: "Ndugu Kazungu, kile kiwanja changu cha Mtongwe, hatimiliki imekwama. Hebu nisaidie." Na Kazungu hujibu, "Inshallah, tunaangalia." Mkristo mzima, anasema inshallah kwa hofu.

"Shikamoo, Bi Mwanatatu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, keti."

Hakuketi. Alisimulia akizunguka sebule, Kache, lori, daftari, Mzungu, saa sita. Lile la fomu hakuligusa. Bi Mwanatatu alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Hili lina dawa nyepesi," akasema. "Daftari lao lataka Mzungu? Tuwapelekee Mzungu. Tunaye Olsen. Atatia sahihi, gari litoke, yeshe."

Kazungu akaacha kuzunguka kwa mara ya kwanza. Kitu kilimchoma, hakujua ni nini. Lakini mbele ya macho yake ule moto wa gesi ulikuwa unawaka. "Vyema," akasema.

Alfajiri ya Ijumaa Kadzo alimkuta uani anafunga viatu. Akamletea chai, na ule mkebe wa kakao.

"Karatasi hii utaijaza lini?"

"Hiyo karatasi yauliza kazi."

"Si unayo kazi?"

Kazungu akakaza kamba za viatu. Kadzo akaikunja fomu, akaitia mwenyewe katika mfuko wa shati la mumewe, akampigapiga kifuani. "Dama mwanetu amesoma kwa kazi hiyo," akasema, akaenda zake jikoni. Chai ikabaki, Kazungu akatoka.

Saa nne na nusu walikuwa yadini wote wanne: Kazungu, Bi Mwanatatu, Olsen na Mwinyihaji. Olsen amevaa suruali yake fupi ya kaki, uso umemwiva, hana raha hata kidogo. "Mimi sipendi hii," alikuwa akimwambia Kazungu. "Hii si gari yangu." Mwinyihaji anatazama saa kila dakika, maana ni Ijumaa na adhana haimngojei mtu. Huko nyuma basi lilikwisha katwa. Yule mtu wa gesi alikuwa amehamisha mitungi yake, ameiweka ubavuni mwa Kipara, anavaa glavu.

Philister alipomwona Olsen akanyanyuka kitini. Siku ya jana hakunyanyuka.

"Karibu, Bwana! Ndiyo gari yako? Pole sana kwa usumbufu." Akageuza daftari, akampa kalamu. "Weka sahihi hapa tu. Hata kipande sihitaji." Kisha akamgeukia Kazungu, bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi yake vizuri. "Na wewe dereva, zunguka huko nyuma uanze kutoa gari ya mdosi wako."

Dereva! Gari ya mdosi wako!

Kazungu alizunguka. Wallahi alipiga hatua tatu. Aliiona taa moja ya mbele, ile aliyoisugua kwa majivu hadi ikang'aa. Akaona usukani alioushona ngozi kwa mkono wake. Akasikia kalamu ya Olsen ikigusa karatasi. Na hapo ndipo alipofahamu kile kilichomchoma sebuleni Likoni. Gari litatoka, ndiyo. Daftari litabaki limesema ni la Mzungu, na leo litakuwa limesema kweli, kwa sababu yeye mwenyewe amekubali. Mstari wa tano utakuwa mtupu mpaka kiama. Hasira ikampanda, na si kwa karani. Kwa nafsi yake.

"Bwana Olsen, usitie!"

Akarudi mbio, akampokonya kalamu. Olsen akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia.

"Nini sasa?" Philister akasema.

"Si lake. Nilimleta kwa ajili ya daftari lako. Gari ni langu."

Uso wa Philister ukakunjamana. "Kumbe mlikuwa mnanidanganya? Watu wazima! Naweza kufunga hii dirisha sasa hivi."

"Fomu ninayo."

"Jana ulisema huna."

"Jana nilisema nitaitafuta. Nimeitafuta." Akaitoa mfukoni, imelowa jasho, akainyoosha dirishani kwa kiganja. Akaandika jina: Samson Kaviha, aitwaye Kazungu. Makazi: Magogoni, Kisauni. Kisha akafika pale pale pa miaka minne. Nyuma yake amesimama Mwinyihaji, amesimama Bi Mwanatatu, na wapakiaji wamekwisha sogea na vikombe vyao. Alijua watakavyofanya. Watasogea kidogo.

Akaandika. Akasukuma karatasi.

Philister akaisoma kwa sauti, ndivyo alivyozoea kusoma kila kitu. "Kazi... mchimba vyoo."

Wapakiaji wakashusha vikombe.

"Vyoo?" Mwinyihaji akasema polepole. "Na hatimiliki yangu je?"

"Sijui chochote kuhusu hatimiliki, ndugu yangu. Nisamehe."

"Mwaka mzima nakwambia habari za kiwanja, nawe wanitazama!"

"Nilisema mambo ya ardhi. Ardhi ndiyo ninayochimba."

Mpakiaji mmoja akapasuka kwa kicheko. Kazungu akainamisha kichwa, akangoja. Mtu akamsogelea, hakusogea mbali, alisogea karibu. Ni Bi Mwanatatu, na alikuwa amekasirika kweli kweli.

"Mwanangu, mficha uchi hazai. Mkunga nakwambia, nimeyaona. Miaka miwili choo changu kimejaa, natafuta mchimbaji mwaminifu Likoni nzima simpati. Wahuni wamenila, wamechimba pima mbili, wamekimbia. Nawe wakaa nami kila mwezi, wanywa soda yangu, wasema ardhi, ardhi!"

"Nilidhani mtasogea," Kazungu akasema.

"Tusogee wapi?" Bi Mwanatatu akauliza, na ilikuwa wazi hakufahamu maana yake. Kazungu akataka kujibu, machozi yakamtoka mbele za watu, akayaacha yatoke.

Philister alikuwa amelinganisha fomu na kipande, kipande na kitabu cha gari, mara mbili, kwa rula. Akavua miwani. "Inatosha," akasema. Akachukua daftari, akapiga mstari juu ya neno Mzungu. "Kazungu inaanza na K?"

"Na K."

Akaandika. Kisha akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti, "Mwarandu! Hiyo ya kijani wacha!" Yule mtu wa gesi akavua glavu, akakokota mitungi yake kwenda kwa gari jingine.

Kipara hakikuwaka. Lini kiliwaka siku ya haraka? Ikabidi kusukuma. Bi Mwanatatu akafunga buibui kiunoni, Olsen akashika mlango, Mwinyihaji akatia kofia mfukoni na kuapa kwamba Ijumaa hii wataadhini bila yeye, na dhambi ni ya Kazungu. Wapakiaji wawili wakaongezeka bila kuombwa. Kazungu ameketi usukanini, jua kali utosini, samli inanuka.

Langoni bawabu akanyoosha mkono, wakasimama. Naye ana daftari lake, la vinavyotoka.

"Gari la nani hili?"

"La Kazungu!" akajibu kwa sauti iliyovuka barabara. "Kazungu wa Kaviha, mchimba vyoo, Magogoni!"

Bawabu akamtazama. "Mzee, kazi sikukuuliza."

"Najua," Kazungu akasema. "Andika tu."